Dawa gani?

"Amekunywa dawa."

Kauli hiyo nimeisikia mlangoni kwa dharura mara nyingi hivi kwamba siku hizi mkono wangu hutangulia kwenye boksi la glavu kabla mdomo haujajibu. Lakini bado nauliza: dawa gani? Maana Kiswahili chetu kina ukarimu wa ajabu na neno hili. Ya malaria ni dawa, ya meno ni dawa, ya viatu ni dawa. Ya panya, ya kupe, ya magugu, ya kunyunyizia mazao, zote dawa. Na ile nitakayomchoma mgonjwa dakika mbili zijazo nayo ni dawa.

Usiku ninaotaka kuusimulia, aliyetamka alikuwa shangazi mtu. Kijana wake, wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameshikwa huku na huku na wanaume wawili, miguu ikiburuta.

"Alidhani ni maji, sista."

"Sawa, mama. Chupa iko wapi?"

"Tumeitupa, mwanangu, isije ikamdhuru mwingine."

Nikamwomba mmoja wa wale wanaume arudi akaitafute, na kama hawezi kuibeba, aipige picha lebo kwa simu yake. Hilo peke yake likijulikana huko nje, lingetuokolea muda mwingi. Jina la biashara huandikwa kwa maandishi ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara, ila halinisaidii sana. Ninalolitaka ni jina la sumu yenyewe, lile la herufi ndogo za kuhitaji miwani. Chini ya lebo mara nyingi kuna mkanda wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote.

Wakati tunasubiri picha, tulikuwa tunamvua nguo. Watu hushangaa: mtu anakufa, nyie mnahangaika na shati? Lakini alikuwa amejitapikia, na dawa hizi hazihitaji mdomo ili ziingie mwilini, ngozi inatosha. Shati likikaa kifuani linaendelea kumpa sumu huku sisi tunamtibu. Kwa hiyo nguo zote zinatoka, zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, na mwili unaoshwa kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele, nyuma ya masikio na kucha. Madirisha wazi. Harufu inakaribia ya kitunguu saumu, ikichanganyika na ya kutengenezea rangi, ambayo ni ya kile kimiminika walichoyeyushia sumu. Mwanafunzi wetu wa uuguzi alianza kuumwa kichwa, tukamtoa nje apunge hewa. Hakuwa amelishwa sumu, ni ile harufu tu, lakini hofu usoni mwake ilikuwa ya kweli.

Kabla ya picha kufika, mwili ulishasema. Mboni za macho zilikuwa zimejikunja hadi kuwa kama ncha ya pini. Machozi, mate, jasho, na haja zote mbili zimetoka bila yeye kujua. Misuli ya mapaja ilikuwa ikicheza chini ya ngozi kama uso wa maji yanayokaribia kuchemka. Mapigo ya moyo 48 kwa dakika. Nikaweka kipimo kifuani nikasikia sauti niijuayo: ile ya mrija ukinyonya tone la mwisho chini ya glasi, kila pumzi, pande zote mbili.

Hapo huhitaji lebo. Hii ni oganofosfeti au binamu yake kabameti, dawa za kuua wadudu, na huyu kijana anazama akiwa juu ya kitanda kikavu.

Nieleze kidogo, kwa sababu ukielewa hiki kipande mengine yote yanafuata. Neva ikitaka tezi itoe mate au msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kuna kimeng'enya kinachoivunja palepale, shughuli inaisha. Dawa hizi za wadudu zinakishika kile kimeng'enya na kukifunga mikono. Sasa ujumbe hauvunjwi. Tezi zinaendelea kuambiwa toa, toa, toa. Mirija ya mapafu inabanwa na kujaa majimaji, moyo unaambiwa punguza, misuli inaambiwa kaza mpaka inachoka na kulegea. Kwa mdudu ni hivyohivyo. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta kiuawadudu kipya, akajikuta ametengeneza tabun, sumu ya neva ambayo jeshi la nchi yake liliichukua kuwa silaha. Ukoo wa dawa ya kunyunyizia shambani na ukoo wa silaha za kemikali ni mmoja.

Na dawa ya moto ni moto. Atropini, tunayotumia kumtibu, inatoka kwenye mimea ambayo yenyewe ni sumu. Inakwenda pale asetilikolini inapokwenda kugonga, inaziba mlango. Mate yanakauka, mirija inafunguka, moyo unapanda. Kwa mtu mzima asiye na sumu mwilini, miligramu chache zinaweza kumtia wazimu wa muda. Kwa huyu, ndiyo kwanza tunaanza.

Tulianza na 2. Unachoma, unatazama saa, dakika tano. Unarudi kifuani na kipimo. Bado mrija unanyonya. Unazidisha mara mbili: 4. Dakika tano. Bado. 8. Vichupa vyetu ni vya miligramu moja moja, kwa hiyo kuna mtu kazi yake ni kuvunja shingo za vichupa na kuvuta, kuvunja na kuvuta. Mwenzangu alijikata kidole cha shahada, akabadilisha glavu, akaendelea. 16. Dakika tano tena, nikaweka kipimo, na kwa mara ya kwanza nikasikia hewa tupu. Vichupa thelathini vilikuwa vimelala kwenye trei.

Nikapeleka mkono kwapani kwake. Shangazi, aliyekuwa ameegemea ukuta, akauliza natafuta nini huko. Natafuta ukavu, mama. Kwapa likikauka, kifua kikawa safi, mapigo yakavuka 80, namba ya juu ya presha ikavuka 80, na macho yakaacha kuwa ncha ya pini, tumefika. Macho hujivuta, yanaweza kuchelewa nyuma ya mengine yote. Kifua ndicho bosi. Ukisikia mchemko upande mmoja tu, chini kulia, huenda ni matapishi yaliyopotea njia, na hayo hayakaushwi na atropini hata ukimwaga ndoo.

Najua kosa la mahali hapa kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza nilimfikisha mgonjwa mapigo 120, macho yamefunguka kama ya paka usiku, nikaandika kwenye chati kwamba atropini imetosha. Nilikuwa naogopa ule moyo. Dada mmoja mkubwa wa zamu akaja, hakusema kitu, akachukua kipimo akaniwekea masikioni, akakibandika mgongoni kwa mgonjwa. Kifua kilikuwa kimejaa maji. Moyo unaweza kwenda mbio kwa homa, kwa hofu, kwa kukosa hewa. Mgonjwa yule alipona, bila mchango wangu.

Kuna utafiti kutoka Bangladesh uliochapishwa mwaka 2012 ninaopenda kuutaja kwa wanafunzi, kwa sababu haukuhusu mashine wala dawa mpya. Walilinganisha namna mbili za kutoa atropini ileile: ile ya mazoea, na hii ya kuongeza haraka mpaka kifua kikauke kisha kuendelea na dripu. Vifo vilikuwa asilimia 22.5 upande mmoja na asilimia 8 upande wa pili. Dawa ni ile, kichupa ni kile. Tofauti ni kwamba kuna mtu alikaa pembeni ya kitanda akitazama saa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana kukaa pembeni ya kitanda hakuonekani kama kazi. Ndugu wanataka kuona mpira wa kuoshea tumbo. "Mbona hamjamwosha tumbo?" Shangazi aliuliza mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameanza kulia. Kuosha tumbo kuna sura ya tiba: kuna mpira, kuna maji, kuna kitu kinachotoka. Lakini sumu ya maji haingoji, na kadiri saa zinavyopita kinachobaki tumboni ni kidogo. Ukimwingiza mpira mtu aliyelegea asiyeweza kulinda koo lake, unaweza kumsukumia kila kitu mapafuni. Hata mkaa wa kunywesha, ambao tuliuamini miaka mingi, ulijaribiwa Sri Lanka kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 waliokunywa sumu, matokeo yakatoka mwaka 2008: vifo havikupungua. Na nitasema ambalo wenzangu wengi hawapendi lisemwe. Nimewahi kuona mpira ukiingizwa kwa nguvu ambazo hazikuwa za tiba. Zilikuwa za adhabu.

Kule nyumbani nako kuna maji ya chumvi, maziwa, na kidole kooni. Nia ni njema. Ila mtu aliyeanza kusinzia ukimlazimisha kutapika, matapishi hayajui njia, na kile kiyeyushi kikiingia mapafuni kinaunguza kwa namna yake. Mvueni nguo, mwosheni, mlazeni ubavu, mleteni. Na chupa.

Picha ya lebo ilifika tukiwa tumeshatundika dripu: miligramu 3 kwa saa, yaani sehemu ya kumi ya jumla tuliyomchoma. Ilikuwa oganofosfeti, mkanda wa njano. Daktari alifikiria pralidoksimu, ile dawa inayotakiwa kukifungua mikono kile kimeng'enya. Kwenye vitabu inapendeza. Jaribio la Sri Lanka lililochapishwa mwaka 2009 halikuona faida, na wakubwa bado wanabishana. Hatukuitumia.

Si kila aliyekunywa dawa ya shambani anakuja hivi. Ya kuogeshea mifugo, amitrazi, inaleta macho ya pini na moyo wa polepole vilevile, mgeni anakimbilia atropini kwa pupa. Weka kipimo kwanza: kifua kikavu, hakuna mate, mtu amelala fofofo tu. Ya panya, zile aina zinazozuia damu kuganda, huleta mgonjwa anayetabasamu na kuomba kwenda nyumbani. Damu inaanza kukataa kuganda siku mbili tatu baadaye. Vidonge vya kuhifadhia nafaka hutoa gesi, kwa hiyo huko fikiria pia wahudumu waliomo chumbani. Na iko parakwati, ya magugu, ambayo inapindua mkono wako uliozoea. Mkono wa nesi wa dharura unakwenda kwenye oksijeni bila kufikiri. Kwa huyu oksijeni ni kuni: inachochea uharibifu uleule unaoendelea mapafuni mwake, kwa hiyo unaizuia mpaka pale oksijeni ya damu inaposhuka kweli. Kusimama na barakoa mkononi bila kuivalisha ni moja ya mambo magumu niliyofundishwa.

Nirudi kwa kijana.

Saa za usiku wa manane alianza kuchuma hewa kwa vidole, kama anayeokota nyuzi zinazoelea. Akamwita shangazi yake kwa jina la mtu mwingine. Ngozi ya moto, tumbo kimya. Hiyo ni atropini imezidi. Unasimamisha dripu, unasubiri atulie, unarudisha kwa kiwango cha chini. Usimfunge kamba, usimgombeze. Hajui yuko wapi. Alfajiri alifungua macho akaomba maji kwa jina langu. Alikuwa amelisoma kwenye kibandiko.

Hapa ndipo familia hupiga simu kuwaambia wengine amepona. Na hapa ndipo mimi naanza kuogopa upya.

Mwaka 1987 madaktari wawili wa Sri Lanka, Senanayake na Karalliedde, walieleza kitu ambacho wauguzi wa wodini bila shaka walishakiona bila kukipa jina: mgonjwa aliyevuka dhoruba ya kwanza, anayeongea, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne pumzi inamwishia. Hakuna povu, hakuna mboni ndogo. Ni misuli imeishiwa nguvu, na atropini haigusi misuli. Inaanzia shingoni.

Kwa hiyo kila zamu nina mchezo mmoja. Namwambia mgonjwa alale chali, ainue kichwa atazame vidole vyake vya miguu. Asubuhi ya kwanza kijana alitazama, akacheka kwamba ni wachafu. Jioni, vilevile. Asubuhi ya tatu alikaza uso, mishipa ikajitokeza, na sikio lake halikutoka kwenye mto hata upana wa kidole. "Nimechoka tu, sista," akasema, na sauti ilikuwa inatokea puani. Nikamwambia ahesabu kwa pumzi moja. Jana yake alifika ishirini na tatu. Leo aliishia tisa.

Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni 96. Daktari mdogo wa zamu alitazama ile 96 akaniambia tumpe muda. Nikamwambia namba hiyo ni ya mwisho kuanguka, shingo ndiyo ya kwanza, na kama tunasubiri namba tutamkimbiza tukiwa tumechelewa. Ni kijana msikivu, alipiga simu chumba cha mahututi. Walimweka mpira wa kupumulia mchana ule, kwa utulivu, na kwa dawa ya kulegeza misuli isiyokuwa suksametoniamu, maana hiyo huvunjwa na kimeng'enya cha jamii ileile iliyofungwa mikono, na ingemlegeza kwa saa badala ya dakika.

Alikaa kwenye mashine siku nane. Shangazi alikuwa anakuja, anamwinulia kichwa kidogo kwa kiganja, anakirudisha. Alikuwa ameuona mchezo wangu.

Katika siku hizo nane alipita mtoto wa miaka minne aliyekunywa kutoka chupa ya soda. Ndani haikuwa soda. Mtu mzima alikuwa amenunua dawa nyingi, akamgawia jirani, na chupa tupu iliyokuwa karibu ilikuwa ile. Hiyo ndiyo hadithi ya watoto karibu wote ninaowapokea. Julai 2013, katika shule moja jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya chakula cha mchana kuingiliwa na monokrotofosi, oganofosfeti ya mkanda mwekundu. Chombo na kilichomo vikitengana, ulimi ndio unaokuja kugundua. Wapo pia wanyunyiziaji wenyewe, wanaume kwa wanawake, wanaofika jioni na kichwa kinachouma na kichefuchefu, shati limeloa mgongoni pale pampu inapovuja. Wengi hata hawafiki. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalitaja watu milioni 385 kwa mwaka wanaopatwa na sumu hizi bila kukusudia, duniani kote, na vifo kama 11,000.

Ila vifo vingi zaidi ni vya waliokusudia, na hao ndio tunaowatendea vibaya kuliko wote. Tunasema "kajitakia" kwa sauti ya kusikika nje ya pazia. Katika nchi kadhaa sheria bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, basi familia inafundishana sentensi moja njiani: alidhani ni maji. Mimi huwa sibishani nayo. Naandika nilichoambiwa, natibu ninachokiona, na nasubiri siku mtu atakapokuwa na pumzi ya kuongea.

Kijana alikuwa nayo siku ya pili baada ya kutolewa mpira. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Haikuwa maji."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Bado unawaza kufa?"

Wanafunzi hushtuka nikiuliza waziwazi hivyo, wanadhani nitamkumbusha. Hajasahau. Alikaa kimya, kisha akaniambia alijuta kabla chupa haijagusa chini, na ndiyo maana alipiga ukelele wa kumwita shangazi. Ugomvi wenyewe ulianza mchana uleule. Habari hii, ya uamuzi wa saa moja au chini ya hapo, nimeisikia kutoka kwa wengi. Ndiyo maana sishangai kilichotokea Sri Lanka: tangu 1995 walipozidisha kuziondoa sokoni zile kali zaidi, aina moja baada ya nyingine, kiwango cha watu kujiua nchini humo kilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili ndani ya miaka ishirini. Ugomvi haukuisha. Mavuno hayakuanguka. Kilichopungua ni kitu cha kuua haraka ndani ya mkono wa mtu mwenye hasira ya saa moja. Korea Kusini nao waliizuia parakwati mwaka 2011 na 2012, vifo vya kujiua kwa viuatilifu vikashuka. Sisi wa wodini tunaweza kuvunja vichupa mpaka vidole viishe, hatutafikia namba hizo.

Alionana na daktari wa afya ya akili mara mbili kabla ya kuruhusiwa, na shangazi aliahidi kwamba kilichobaki stoo kitafungwa kwa kufuli na ufunguo utakaa kwake. Tuliwaeleza pia kuhusu ganzi ya miguu inayoweza kuja wiki chache baadaye, warudi wakiiona.

Asubuhi ya kuondoka alisimama kando ya kitanda na shuka kiunoni, akauliza nguo zake ziko wapi. Nikamwambia tulizichoma moto siku ya kwanza.

"Hata lile shati?"

"Hata hilo."

Akalalamika kwamba lilikuwa jipya. Shangazi akatoa kwenye mfuko suruali ya mjomba wake, pana mno, akamfungia kiunoni kwa kipande cha bandeji nilichompa. Walipofika mlangoni alisimama, akainua kichwa akatazama dari, akanigeukia aone kama nimemwona.